Lumbesa na kumcha Mungu

Juzi nilihudhuria mkutano wa injili hapa Dodoma. Spika zilitetemesha mabati ya nyumba za jirani, na mhubiri akatuchoma jehanamu karibu saa nzima. Watu walilia. Nami nilirudi nyumbani na hofu ya kweli kabisa, lakini kesho yake saa nne asubuhi ilishanitoka, nikawa nambania kijana wa bodaboda shilingi mia tano.

Hofu ya namna ile naijua tangu utoto. Radi ikianza kupiga, bibi alikuwa akifunika kioo kwa khanga na kutukataza kupiga kelele. Tulinyamaza kama maji mtungini. Mvua ikikatika, tunarudi kugombana.

Biblia yetu inatumia neno kumcha. Wapo wanaosema maana yake ni heshima tu, mimi siwafuati. Kucha ni Kiswahili cha zamani cha kuogopa, na Waebrania 12:29 inamwita Mungu moto ulao. Lakini katika Kutoka 20:20, mlima ukitoa moshi, Musa anawaambia watu wasiogope, na papo hapo anawaambia kwamba Mungu amekuja ili kicho chake kiwe mbele yao wasitende dhambi. Usiogope, ogopa! Yesu naye katika Mathayo 10 anasema mwogopeni yule awezaye kuangamiza mwili na roho, na mistari mitatu baadaye anasema msiogope, ninyi ni bora kuliko mashomoro wengi. Kwa hiyo hofu ziko mbili, na ile tuliyopewa uwanjani sidhani kama ndiyo inayotakiwa.

Nilipokuwa kijana nilipata kibarua cha kujaza magunia kwa mnunuzi mmoja wa mahindi huko Kongwa. Alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili alisoma somo kwa sauti ya kutetemeka, na siamini kwamba alikuwa anaigiza. Jumatatu tunashindilia lumbesa. Gunia likishajaa tunaliongezea kilemba juu, tunakishona, halafu mkulima analipwa gunia moja. Wakulima walijua. Lakini mtu aliyekuja na mkokoteni wa ng'ombe tangu alfajiri, na nyumbani anadaiwa, angefanya nini? Arudi na mahindi yake? Simsemi mzee wa watu. Sindano ilikuwa mkononi mwangu, na mimi nilikuwa mwanakwaya.

Miaka ilipita ndipo nikakutana na Walawi 19:14. Usimlaani kiziwi, usiweke kikwazo mbele ya kipofu, bali umche Mungu wako. Kiziwi hasikii ulivyomtukana. Kipofu akijikwaa hajui nani kaweka jiwe. Hakuna shahidi wala kesi, na hapo ndipo amri ya kumcha Mungu imewekwa. Endelea kusoma sura hiyohiyo, mwishoni utakuta mizani ya haki na vipimo vya haki. Nilifunga kitabu.

Tangu hapo nauona uzi huo kila mahali. Wakunga wa Kiebrania, Shifra na Pua, waliambiwa na Farao waue watoto wa kiume. Walimcha Mungu, wakawaacha hai. Nehemia alipokuwa liwali wa Yuda hakuwatoza watu chakula, divai na shekeli 40 za fedha kama watangulizi wake, na sababu anayoitaja kwanza ni hii: alimcha Mungu. (Mstari huo, Nehemia 5:15, ningependa kuuona umebandikwa kwenye kila lango kule Mtumba, mji wa Serikali. Hata lango la kanisa, maana sadaka nazo zina wahasibu.) Katika visa hivyo hakuna hata mmoja wao tunayeambiwa alianguka chini akilia.

Bibi yule wa kufunika kioo hakujua kusoma. Aliuza karanga barazani kwa kopo. Akija mtoto aliyetumwa peke yake, bibi alijaza kopo, akalimwaga, akalijaza tena mtoto akiangalia, kisha akaongeza konzi moja. Siku moja nilimuuliza mbona mama wa mtoto akija mwenyewe hapewi nyongeza.

"Huyo anajua kuhesabu," akasema, akaendelea kupepeta.