Vijana wa Wandervogel: Watoto wa Uhuru au Kitalu cha Unazi?

Oktoba 1913 vijana zaidi ya elfu mbili, wakiwamo wa Wandervogel, vuguvugu la vijana watembezi, walipanda mlima Hoher Meissner, katikati ya Ujerumani, wakiwa na mashanta mgongoni na magita mabegani. Mwezi huohuo wakubwa wa dola walikuwa Leipzig wakizindua mnara mkubwa wa kuadhimisha miaka 100 tangu Napoleon apigwe pale. Vijana hawa hawakutaka gwaride, hotuba za majenerali wala mapipa ya bia. Mkutano wao ulipiga marufuku pombe na tumbaku. Waliimba, wakacheza ngoma za vijijini, wakabishana, kisha wakatoa tamko fupi: maisha yao watayajenga kwa uamuzi wao wenyewe, kwa dhamana yao wenyewe, na kwa ukweli wa nafsi.

Miongoni mwa walioitisha mkutano huo ni kundi la Hans Paasche, mtu ambaye msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kumjua. Alikuwa afisa wa jeshi la majini la Kaizari. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipolipuka, alikuwa kwenye manowari Bussard katika pwani yetu, akapelekwa Rufiji kuongoza kikosi dhidi ya wananchi. Vita vile viliua, pamoja na njaa iliyoletwa kwa makusudi kwa kuchoma mazao, watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Paasche alijifunza Kiswahili, akarudi kwao amebadilika. Aliacha nyama, aliacha pombe, akawa mpinga vita, na kuanzia 1912 akachapisha katika gazeti lake mfululizo wa barua za kubuni. Mwandishi wa barua hizo ni Lukanga Mukara, mtu wa kisiwa cha Ukara kilichoko Ziwa Viktoria, aliyetumwa na mfalme wake kuichunguza Ujerumani kama vile Wazungu walivyokuwa wakiichunguza Afrika. Lukanga anastaajabu: watu wanaojifunga nguo za kubana, wanaomeza moshi, wanaokunywa bia mpaka akili zipotee, wanaokimbiakimbia kutwa bila kuonekana wanafukuza nini. Katika barua ya mwisho anafika Meissner, na pale ndipo anapokuta Wajerumani wa kumtia moyo.

Ni maandishi matamu, na yana kejeli inayochoma hata leo. Lakini tusimsifu haraka. Lukanga ni kinyago alichokivaa Mjerumani ili awaseme Wajerumani wenzake. Watu wa Rufiji waliopigwa risasi na jeshi ambalo Paasche alilitumikia hawakupewa kurasa za kuandika barua. Na mwenzake katika kuanzisha gazeti, Hermann Popert, alipinga pombe kwa hoja kwamba inachafua damu ya taifa. Gazeti moja, kurasa zilezile: huruma kwa wanyama na kwa Waafrika huku, usafi wa mbari kule.

Hapo ndipo ulipo ubishi ambao wanahistoria wamekuwa nao tangu 1945. Je, vijana waliokimbilia msituni walikuwa wapigania uhuru waliokuja kumezwa na Hitler, au walikuwa kitalu alimochipukia?

Chanzo chenyewe hakitishi. Mwaka 1896, huko Steglitz, wakati huo mji wa pembeni ya Berlin, mwanafunzi Hermann Hoffmann aliyekuwa akifundisha hatimkato katika shule ya sekondari ya wavulana alianza kuwachukua wanafunzi wake matembezini. Walilala ghalani, walijipikia, walivuka mikoa kwa miguu. Tarehe 4 Novemba 1901 chama kikaandikishwa katika chumba cha mgahawa wa Steglitz, kikaitwa Wandervogel, yaani ndege wahamao. Kiongozi wake akawa Karl Fischer, kijana mkali aliyependa kutiiwa. Shule za wakati ule zilikuwa Kilatini, nidhamu ya kijeshi na baba asiyeulizwa swali. Kumpa mvulana wa miaka kumi na minne ruhusa ya kulala nje chini ya uongozi wa kijana mwenzake, bila mwalimu wala mchungaji, lilikuwa jambo kubwa. Wasichana waliingia baadaye, baada ya mabishano marefu.

Kando yao lilikuwapo wimbi pana zaidi la watu wazima waliotaka kuacha maisha ya viwanda. Shamba la wala mboga la Eden lilianzishwa Oranienburg mwaka 1893. Mwaka 1900 wengine walihamia mlima Monte Verità kule Ascona, Uswisi, wakaota jua uchi na kula matunda. Wapo waliokwenda mbali zaidi: August Engelhardt alinunua kisiwa katika koloni la Kijerumani la New Guinea, akaamua kuishi kwa nazi tupu, na akajaribu kuwashawishi wengine. Mtu wa Pwani angemshauri walau aongeze samaki.

Basi tuwasikilize wanaowashtaki. Mwanahistoria George Mosse, ambaye mwenyewe alikimbia Ujerumani akiwa kijana Myahudi, aliliweka vuguvugu hili katika mnyororo wa fikra za damu na ardhi zilizoutangulia Unazi. Ushahidi haukosekani. Salamu ya "Heil" ilikuwa midomoni mwa Wandervogel miaka mingi kabla ya Hitler. Kiongozi wa kundi aliitwa Führer, cheo alichokuja kujipa Hitler, na kundi zima lilizunguka haiba yake. Kijiji kilitukuzwa, mji ukalaaniwa. Na mjini, katika fikra za siku zile, ndiko alikowekwa Myahudi, mfanyabiashara na mgeni. Mwaka 1913 huko Zittau binti Myahudi alikataliwa kujiunga, magazeti yakachachamaa. Mwaka uliofuata uongozi ulikwepa kutoa uamuzi, ukaviachia vikundi vya mahali vijiamulie. Wandervogel wa Austria walikwisha kuwa wazi zaidi: Wayahudi na Waslavi hawakutakiwa. Kundi hilohilo la Austria lilikuwa miongoni mwa waalikaji wa Meissner, ambako kila mtu alizungumzia uhuru wa nafsi.

Vita vilipokuja mwaka 1914 walijiandikisha kwa wingi, wakafa kwa wingi. Hans Breuer, aliyewakusanyia nyimbo za kale katika kitabu walichokibeba kila matembezi, alikufa karibu na Verdun mwaka 1918. Miaka ya 1920 vikundi vilivyorithi vikawa na sare, bendera na safu. Kimojawapo, Artamanen, kiliwapeleka vijana mashambani mashariki ili wachukue nafasi ya vibarua wa Kipolandi. Heinrich Himmler, aliyekuja kuwa mkuu wa kikosi cha SS cha Hitler, alikuwa mwanachama. Rudolf Höss, aliyekuja kuwa mkuu wa kambi ya Auschwitz, naye alikuwa mwanachama. Hii si bahati mbaya ya majina mawili. Hoja ya washtaki ni ile ya mtoto umleavyo: ukimzoesha kijana kumfuata kiongozi kwa moyo bila kuuliza anaelekea wapi, atamfuata hata ukibadilisha kiongozi.

Watetezi nao wana ushahidi, na si wa kubahatisha. Juni 1933, miezi michache tu baada ya Hitler kushika madaraka, Baldur von Schirach, kiongozi wa vijana wa Nazi, alivivunja vyama huru vya vijana. Sheria ya Desemba 1936 ikawafanya vijana wote kuwa mali ya Hitlerjugend, umoja wa vijana wa Hitler, na mwaka 1939 uanachama ukawa wa lazima kisheria. Hema zilibaki, moto wa kambi ulibaki, nyimbo kadhaa zilibaki. Kilichoondolewa ni kile hasa kilichowapandisha Meissner, yaani kijana kujiamulia. Hosteli za vijana zilipata fungu hilohilo. Mwalimu Richard Schirrmann alikuwa amefungua hosteli ya kudumu katika ngome ya Altena mwaka 1912, wazo lake likaenea nchi nyingi. Serikali ya Nazi ilizichukua hosteli na yeye akasukumwa nje.

Utawala uliwaogopa hata waliotembea bila tamko lolote. Hans Scholl, aliyekatwa kichwa kwa gilotini pamoja na dada yake Sophie tarehe 22 Februari 1943 kwa kusambaza vipeperushi dhidi ya Hitler, alikuwa amekamatwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Sehemu ya kosa lake ilikuwa kuendeleza kundi la vijana wa mtindo wa zamani: safari, nyimbo za kigeni, hema jeusi lililoigwa kutoka kwa wafugaji wa Lapland. Huko Köln na miji ya jirani watoto wa wafanyakazi waliojiita Edelweisspiraten waliondoka mjini kila mwisho wa wiki, wakaenda kupiga gita maziwani, wakageuza maneno ya nyimbo za dola kuwa matusi, na wakapigana na doria za Hitlerjugend. Tarehe 10 Novemba 1944 watu 13 walinyongwa hadharani mtaa wa Ehrenfeld, Köln, bila kesi. Mmoja wao, Bartholomäus Schink, alikuwa na miaka 16. Cha kuudhi ni kwamba baada ya vita waliendelea kuhesabiwa kama wahuni. Ilibidi kusubiri hadi 2005 ndipo watambuliwe rasmi huko Köln kuwa wapinzani wa Nazi.

Pande zote mbili zina majina, tarehe na makaburi. Wengi hufikia hapo wakasema ukweli uko katikati. Mimi sidhani. Kuna kundi la tatu ambalo washtaki na watetezi hulisahau, na ndilo linaloonyesha kosa lilikuwa wapi.

Mwaka 1895, mwaka mmoja kabla ya Hoffmann kuanza matembezi yake, mwalimu Georg Schmiedl, fundi Alois Rohrauer na mwanafunzi wa sheria Karl Renner walianzisha Vienna chama cha wafanyakazi wapenda milima, Naturfreunde, nacho kikaenea Ujerumani. Wanachama wake walipanda milima ileile, waliimba vilevile, walichukia moshi wa viwanda, tena kwa haki zaidi maana wao ndio waliouvuta siku sita kwa wiki. Salamu yao ilikuwa kwamba mlima uwe huru, na hawakuwa wanasema kishairi: njia nyingi zilifungwa na wenye mashamba na wawindaji matajiri. Kwao msitu ulikuwa haki iliyonyimwa. Walijua nani amewanyima, na wakajenga nyumba za mapumziko kwa mikono yao siku za Jumapili. Mwaka 1933 Wanazi waliwapiga marufuku na kuzitaifisha nyumba zao. Hawakuwa malaika, Renner mwenyewe, mwaka 1938, alitangaza kwamba angepiga kura ya ndiyo Austria imezwe na Ujerumani. Lakini chama hakikuzalisha Artamanen wake.

Kwa hiyo kupenda msitu si kosa. Walioupenda msitu uleule walikwenda njia tofauti. Tofauti yao ni kwamba watoto wa sekondari wa Steglitz, wengi wao wakiwa wa familia zenye uwezo, walijivunia kuwa juu ya siasa. Waliona vyama, mishahara na kura kuwa uchafu wa mjini. Tamko la Meissner linasema kijana ataamua mwenyewe, lakini halisemi lolote kuhusu yule ambaye uamuzi wake utamwangukia. Lilipokuja swali rahisi kuliko yote, kama binti Myahudi aje matembezini au asije, watu waliojifunza kupendezwa na ukweli wa nafsi zao hawakuwa na jibu. Wakaliachia kila kundi. Anayesema "sisi si watu wa siasa" huku mlangoni kuna mtu anafukuzwa, amekwisha kufanya siasa.

Vijana Wayahudi walijibu kwa kutembea peke yao. Blau-Weiss, chama chao cha matembezi, kilianzishwa 1912, kwa mtindo uleule wa mashanta na magita, na baadhi ya walioinuliwa na mtindo huo walikwenda kuanzisha vijiji vya ujamaa huko Palestina. Huko nako wimbo wa ardhi na kazi ya mikono ulikutana na wenyeji waliokuwapo kabla, na hiyo ni habari nyingine ndefu.

Paasche, kwa mapungufu yake yote, alikuwa mmoja wa wachache walioona kwamba haiwezekani kuacha bia na kuiacha dola kama ilivyo. Mwaka 1917 alikamatwa kwa uhaini kwa sababu ya maandishi yake dhidi ya vita; mapinduzi ya Novemba 1918 yakamfungua. Tarehe 21 Mei 1920 kikosi cha askari kilizingira shamba lake, Waldfrieden, eti kutafuta silaha, kikampiga risasi akitoka ziwani. Hakuna aliyeadhibiwa. Wengi wa wenzake wa Meissner walikuwa tayari wamerudi kwenye safari na nyimbo.

Na ubishi huu si wa maktaba tu. Chama cha Kijani cha Ujerumani kilipozaliwa mwaka 1980 kilikuwa na watu kama Herbert Gruhl na mkulima Baldur Springmann, waliotetea mazingira kwa mtazamo wa kulia. Waliondoka mapema chama kilipoelekea kushoto. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku Heimattreue Deutsche Jugend, kundi lililowapeleka watoto kwenye kambi za mahema na kuwafundisha mbari pamoja na nyimbo. Vijijini Mecklenburg wako walowezi wanaolima bila kemikali, wanaouza asali, na wanaojiona warithi wa Artamanen. Jirani yao huona familia yenye adabu na bustani nzuri, na mara nyingi ndiyo anayoipa kura kwenye kamati ya wazazi.

Mwaka 2017 Naturfreunde, chama kilekile cha wafanyakazi, kilianzisha Berlin kituo cha kuwafundisha watu wa mazingira jinsi ya kutambua siasa kali za kulia zinapoingia kwa mlango wa kilimo hai na ulinzi wa misitu. Wapo wanaolalamika kwamba kufanya hivyo ni kuingiza siasa mahali pasipohusika.