Tango la Kappa na Kwato za Mombasa

Jumamosi iliyopita, katika nyumba tuliyopanga watu watatu hapa Manchester, mwenzangu mmoja aliacha vita katikati ya mitaa ya Shibuya, akaingia duka linaloendeshwa na paka mwenye mikia miwili, akanunua tango. Alikuwa akicheza Ghostwire: Tokyo, mchezo wa video uliotoka Machi 2022, na tango lilikuwa chambo cha kumnasa kappa, zimwi la mtoni ambalo, kwa masimulizi ya Wajapani, halijiwezi mbele ya tunda hilo. Kampuni iliyoutengeneza nayo inaitwa Tango Gameworks. Nilicheka peke yangu hadi nikatakiwa nieleze, na maelezo yakatufikisha kwenye kachumbari.

Kwa furaha hiyo nilirekodi kipande kifupi nikakituma kwenye kundi la familia. Majibu yalifika kabla chai haijapoa: shangazi, "Audhubillahi", kaka, kwamba nisome Ayatul Kursi kabla sijalala, binamu, ambaye hukesha akicheza mpira wa kompyuta, akauliza kama nimekosa kazi ya kufanya.

Ni katika jambo hili moja tu ndipo ninapoona kwamba watu wa huku wametuzidi. Wachezaji waliulalamikia mchezo huu tangu ulipotoka, tena kwa haki: walisema mji ni mzuri ajabu, kwa mvua yake na taa zake, lakini mapigano yanajirudia, na kazi ya kukusanya roho kwa vikaratasi vya katashiro, roho zaidi ya 200,000, inachosha kama kupalilia shamba la mwenyewe asiyeonekana. Mwenzangu anasema hayo hayo. Hakuna niliyemsikia akiuliza kama ni dhambi kulitazama zimwi. Kwetu mjadala ungeanzia hapo na kuishia hapo, na asingepatikana hata mmoja wa kuniambia iwapo vita vyenyewe vinanoga.

Najua jibu linalonisubiri: ametoka Majengo, Mombasa, juzi, leo baridi imemvimbisha kichwa. Si hivyo, jamani. Mpaka leo sipigi mbinja usiku, hata ndani ya Manchester, ambako sidhani kama kuna jini anayenifahamu kwa jina.

Mwingine atasema Wajapani huchezea mazimwi kwa kuwa hawayaamini tena. Huyo hajafikiri vizuri, kwa sababu wanaonunua hirizi za omamori kwenye mahekalu na wanaonunua michezo hii mara nyingi ni watu wale wale. Kuchisake-onna, mwanamke mwenye mdomo uliopasuliwa hadi masikioni, alivuma mwaka 1979 hadi watoto wa shule wakawa wanarudishwa nyumbani kwa makundi. Leo yumo mchezoni na mkasi wake mkubwa. Katika masimulizi humsimamisha mpita njia na kumuuliza kama yeye ni mzuri, na nani wa Mombasa asiyemjua mwenziwe? Wetu husimama kando ya barabara usiku, amejitanda, ananukia udi, akaomba lifti, na dereva hajui lolote hadi macho yake yateremke kwenye kwato. Kwa kweli ninaona wetu ni hodari zaidi. Wa Japani anauliza. Wetu anakuacha ujidanganye mwenyewe.

Hoja nzito ni moja tu, nayo inanizuia nisiandike kwa kebehi. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa, zimwi linalosemekana kuwavamia watu usiku, ilipotanda Pemba na Unguja, watu waliojawa na hofu walimuua mtu mgonjwa wa akili. Anayetetemeka akikumbuka hayo si mshamba. Lakini hofu ile haikuisha kwa kunyamaziwa. Mwaka 2007 jina lile lilisikika tena, hadi Dar es Salaam, likiwa bichi kama siku ya kwanza. Sisemi Popobawa awekwe mchezoni kesho. Ninauliza tu kwa nini mtoto wa Pwani amjue kappa kwa sura, chakula na tabia, ilhali jini wa barabarani kwao anatajwa kwa kunong'onezwa.

Usiku wa manane wa Jumapili shangazi alinitumia ujumbe wa sauti, nje ya kundi, sauti ameishusha kama anayeficha jambo kwa mumewe. "Mwanangu, huyo mwanamke wa mkasi, miguu yake umeitazama?"

Sikuwa nimeitazama. Nimemwomba mwenzangu auwashe tena.