Pazia la jikoni na leseni ya kusuka

Nilipofika Des Moines, katika jimbo la Iowa huku Marekani, jikoni kwa mama mdogo kulikuwa na sheria zake. Pazia lishushwe kabla mteja hajavua kilemba. Wateja wasikutane wawili. Na ikitokea mlango ukagongwa na mtu asiyejulikana, chanuo na rasta vinasukumwa chini ya sinki, mteja anapewa kikombe, anakuwa mgeni aliyekuja kunywa chai. Nusu ya kichwa imesukwa twende kilioni, nusu imesimama kama kichaka, eti kaja kunywa chai.

Mwanzoni nilidhani ni woga wa ugenini tu. Kwetu Tanga nilisuka tangu niko darasa la nne, kwenye mkeka, kichwa cha mtu katikati ya magoti yangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza cheti. Ushuru waliuliza, tena sana. Cheti, hapana. Iowa ilikuwa na mambo mengine. Sheria ya jimbo ilimhesabu msusi kuwa mtu wa saluni, na mtu wa saluni alitakiwa asome saa 2,100 na kufaulu mtihani ndipo apewe leseni. Anayepokea pesa kwa kusuka bila leseni hiyo ni mhalifu, na jela ilikuwa mojawapo ya adhabu zilizoandikwa. Mhudumu wa gari la wagonjwa, yule anayekuja kukushindilia kifua moyo ukisimama, anasoma saa chache mno kuliko hizo.

Nilikwenda kuuliza kwenye chuo kimoja. Dada wa mapokezi akanipa karatasi ya masomo: kukata, kupaka rangi, kuweka dawa, kucha, ngozi ya uso. Nikamuuliza kusuka kuko wapi. Akaigeuza karatasi nyuma, akairudisha mbele, akacheka kwa aibu. Yaani nilipe maelfu ya dola, nikae darasani zaidi ya mwaka, nifundishwe kila kitu isipokuwa kazi yenyewe, na wanaonifundisha hawajui kugawa nywele kwa mkia wa kitana.

Waliokuja kulivunja jambo hili ni watu ambao, kwa haki, nisingewatarajia. Oktoba 2015 wasusi wawili wa hapa Des Moines, Aicheria Bell na Achan Agit, huyu wa pili mzaliwa wa Sudan Kusini, waliishtaki bodi ya jimbo. Mawakili wao walitoka Institute for Justice, na hawakudai hata senti. Mwaka uliofuata, kesi ikiwa bado njiani, bunge la Iowa likawatoa wasusi kwenye sheria ya leseni. Mama mdogo alipopata habari aliuliza swali moja: "Hao mawakili ni wa chama gani?" Nikamwambia si wa chama. "Basi wana jambo lao," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Jambo lao wanalo kweli. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1991 na William Mellor na Clint Bolick, kwa mtaji wa mwanzo uliotoka kwa familia ya Koch, matajiri wa mafuta ambao ukitaja jina lao mbele ya marafiki zangu wa chama cha wafanyakazi, mtu anaweka sahani chini. Ni walibertari. Kwa wasiolijua neno hilo: ni watu wanaoamini kwamba serikali, iwe ya Washington, ya jimbo au ya kijiji, ikae mbali na mkono wa mtu na mbali zaidi na mfuko wake. Mengi yao siyakubali. Nimezaa watoto wawili hapa, mmoja kabla ya siku zake, na bima iliyomlipia ile chupa ya joto ilikuwa ya serikali.

Ila kwenye kusuka wamefanya kazi ambayo hao wanaojiita watetezi wetu hawakuifanya. Tena wameifanya kwa subira ya msusi, mstari kwa mstari. Kesi yao ya kwanza kabisa ilikuwa ya wasusi wa jiji la Washington, Taalib-Din Uqdah na Pamela Ferrell, mume na mke. Mwaka 1999 jaji wa California alimpa ushindi JoAnne Cornwell. Utah walimsimamia Jestina Clayton, mzaliwa wa Sierra Leone, aliyetakiwa asome saa 2,000, na mwaka 2012 jaji akasema sharti hilo halina mantiki mbele ya katiba. Dallas yuko Isis Brantley, aliyekamatwa mwaka 1997 kwa kosa la kusuka. Alipotaka baadaye kufungua shule ya wasusi, Texas ilimtaka awe na viti 10 vya saluni na masinki ya kuoshea nywele, ilhali kwa sheria hiyohiyo msusi hahitaji sinki. Mwaka 2015 jaji akalitupa sharti hilo, na mwaka huohuo bunge likaifuta leseni yenyewe.

Si kila mahali walishinda. Missouri mahakama ya rufaa ilisema Januari 2018 kwamba jimbo lina haki ya kudai leseni, basi. Miezi michache baadaye bunge la jimbo hilohilo likabadilisha sheria. Hilo ndilo lililonifungua macho. Tunakaa tunatazama Ikulu ya Washington usiku kucha, tunagombana kwenye makundi ya WhatsApp juu ya rais, na kumbe aliyeshika riziki ya mama mdogo ni bodi ya urembo ya jimbo, watu wachache wenye saluni zao na vyuo vyao, wanaokutana katika chumba ambacho mwananchi wa kawaida hajui hata kiko ghorofa ya ngapi. Wao ndio wanaoamua nani awe mshindani wao. Mbuzi kakabidhiwa ghala la mahindi.

Watetezi wa leseni husema ni afya ya mteja. Sawa, tuliseme hilo, kwa sababu nimeona vichwa vilivyochunwa kwa kubanwa sana, na nimeona msusi akichovya ncha za rasta kwenye maji yanayochemka huku mtoto anacheza miguuni. Hatari zipo. Lakini tazama Mississippi na Louisiana, majimbo jirani, watu wa aina moja, joto moja. Mississippi, baada ya harakati za Melony Armstrong wa mji wa Tupelo, iliamua mwaka 2005 kwamba msusi ajiandikishe kwa dola 25 na abandike ukutani maelekezo ya usafi. Louisiana ikang'ang'ania saa 500 za masomo. Kufikia 2012, Mississippi ilikuwa na wasusi waliosajiliwa zaidi ya 1,200. Louisiana, yenye watu weusi wengi zaidi, ilikuwa na 32. Thelathini na wawili, jimbo zima! Mtu asiniambie kwamba wanawake wa New Orleans hawasukwi. Wanasukwa, jikoni, pazia limeshushwa. Na huko jikoni ndiko hakuna mkaguzi wa usafi wala wa kitu kingine.

Hapo niko nao, bila kumung'unya. Ninapoachana nao ni kwenye hatua inayofuata, wanapodhani kwamba kwa kuwa bodi ya urembo ni mzigo, basi na shule ni mzigo.

New Hampshire wana mradi wa kuhamia kwa wingi, Free State Project, ulioanzishwa na Jason Sorens mwaka 2001, wenye lengo la kuwapeleka walibertari 20,000 katika jimbo moja dogo ili sauti yao isikike. Katika jimbo hilo kuna mji unaitwa Croydon, wenye watu wasiofika elfu moja, ambako bajeti inapitishwa kwa wakazi kukutana ukumbini na kupiga kura. Machi 2022, siku ya theluji, mkazi mmoja aliyehamia kwa mradi huo alisimama na kupendekeza bajeti ya shule ikatwe kutoka dola milioni 1.7 hadi 800,000. Waliokuwepo wakapiga kura. Ndiyo 20, hapana 14. Kwa kura hizo elimu ya watoto wa mji mzima ikakatwa zaidi ya nusu, na waliobaki nyumbani wakajua kesho yake.

Ilibidi watu wapite nyumba kwa nyumba, maana mkutano wa kutengua uamuzi ulihitaji zaidi ya nusu ya wapiga kura wote wa mji wahudhurie wenyewe. Mei walihudhuria. Kura za kurudisha fedha za shule zilikuwa 377. Za kupinga, 2.

Nimewahi kuwaeleza habari hii wenzangu wawili. Mmoja, anayewachukia walibertari, alisema: umeona, hao ni watu hatari. Mwingine, anayewapenda, alisema: umeona, demokrasia ya kijiji inafanya kazi. Wote wawili waliruka kitu kilichonikaa mimi kooni, ile hesabu ya 34. Mbinu iliyomfungulia mama mdogo mlango ndiyo karibu imfungie mtoto wa Croydon shule: kuingia kwenye chumba kidogo ambacho wengine hawaingii. Walibertari walijifunza zamani anwani za vyumba hivyo. Sisi tulikuwa tunasubiri uchaguzi wa rais.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua hautawafurahisha wa upande wowote. Wakija na kesi ya leseni za wapishi wa nyumbani, nitabeba bango, na chapati nitawapikia. Wakija na bajeti ya shule, nitakaa safu ya mbele upande wa pili. Na sitachanga fedha kwao, wanao wa kuwachangia.

Jumamosi iliyopita mama mdogo alikuwa anasuka mama mmoja wa Kikongo, mimi namsaidia upande wa kisogo. Pazia lilikuwa limeshushwa bado, miaka yote hii, mazoea. Nikawasimulia habari ya Croydon. Mama mdogo akasimamisha mkono.

"Watu thelathini na wanne tu?"

"Ndiyo, mama."

"Kwenye ile kichenpati ya mwezi uliopita tulikuwa wangapi?"

"Kama sitini."

"Wenye uraia?"

Nikaanza kuwahesabu, kwa vidole vya mkono usioshika rasta.