Kamba ya Kumwita Mwenzako

Jana nimevuta kamba. Hapa Ontario, Kanada, nafanya kazi kwenye kiwanda cha kuunga viti vya magari, na juu ya vichwa vyetu inapita kamba. Boliti ikikataa, unavuta. Taa ya njano inawaka, kiongozi wa timu anakuja mbio, na msipomaliza tatizo kabla kiti hakijafika mwisho wa kituo chako, laini nzima inasimama. Jana ilisimama kwa ajili yangu. Kiongozi alipoona nyuzi za boliti zimekufa, akaniambia asante.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu miezi yangu ya mwanzo sikuigusa ile kamba. Ningeivutaje? Kwetu fundi anayeita mwenzake amekiri kwamba kazi hajui.

Ufundi nimejifunzia Gerezani, ile ya magereji Dar es Salaam. Miaka minne nilikuwa saidia fundi: naosha vyuma, nashika tochi, nalala chini ya gari kwenye tope. Lakini fundi akifika kwenye taimingi ya pampu, yaani kuipanga isukume dizeli kwa wakati wake, ananituma soda. Nikirudi, kifuniko kimeshafungwa. Aliyepitia gereji anaijua soda hiyo. Fundi wangu alikuwa anasikiliza injini ya Isuzu kwa sikio tu na kukwambia nozeli ipi, ile inayonyunyiza dizeli, imechoka. Amefariki, Mungu amrehemu, na sikio lake amekwenda nalo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Najua mtakachosema: huyu kapanda ndege juzi, leo anatusimanga. Mtasema ushirikiano ni wetu sisi, tuliokuwa na msaragambo na ujamaa kabla ya kamba za Wazungu. Kwanza, kamba si ya Wazungu, ni ya Wajapani. Sakichi Toyoda alikuwa na mtambo wa kufuma nguo uliosimama wenyewe uzi ukikatika, miaka ya 1920, na wazo hilo likaingia kwenye viwanda vya hizo Noah na Hiace mnazopanda kila siku. Pili, mnasema kweli, na ndiyo maana nakasirika! Mama yangu alipofariki, mtaa mzima ulihamia kwetu. Turubai, sufuria, maji, hakuna aliyeombwa. Hapa wenzangu walitia saini kadi, wakarudi kazini. Sanduku la kikoba cha dada yangu, kikundi chao cha kuweka na kukopeshana, lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na fedha za watu hazijawahi kupotea. Sisi hatukosi kushirikiana. Tunashirikiana msibani, harusini na kwenye fedha, halafu tukishika spana kila mtu anampa mwenzake mgongo.

Wala simlaumu fundi wangu kwa roho mbaya. Hakuwa na mkataba wala pensheni. Mtaji wake ulikuwa ile taimingi. Angenifundisha, ningefungua gereji ng'ambo ya barabara na kutoza nusu ya bei yake. Hapa nikimfundisha mgeni kituo changu, mshahara wangu haupungui hata senti, kwa hiyo kunifanya mkarimu ni rahisi. Mwenye kusema Waafrika tuna choyo hajawahi kuishi kwa kazi ya siku.

Lakini tukishaelewa sababu, tufanye nini, tuendelee kuzikana na ujuzi? Mafundi watano wa uchochoro mmoja wanaoweza kuchangiana turubai ya msiba wanashindwaje kununua pamoja kifaa kimoja cha kupimia nozeli? Wanashindwaje kukubaliana bei, ili kijana akifunguliwa siri asije akawaua njaa? Kikoba walikiweza wanawake wenye mitaji ya genge la nyanya. Sisi wenye mikono hii tunashindwa nini?

Jumapili nimempigia kwa video mdogo wangu, naye ni fundi. Alikuwa ameshusha pampu, kijana wake kachuchumaa pembeni anamshikia tochi. Tukaongea mambo ya nyumbani, mara nikamsikia anamwambia, "Nenda kaniletee soda."

Nikamwambia, mwite arudi.

Akanyamaza. "Kaka, wewe uko huko."

Nikamwambia nitaituma fedha ya soda mimi, kreti nzima, lakini mwite arudi kwanza. Akanitazama kwenye simu muda mrefu, kisha akageuka akapaza sauti kuelekea barabarani.