Saa Zile za Jioni Zimekwenda Wapi?

Watu wazima wakikaa pamoja kwenye matanga au harusi kwetu Busoga, mashariki mwa Uganda, hawachelewi kuwatupia jicho watoto walioinamia simu. Atatokea mmoja aseme: "Sisi tulilelewa. Hawa wanafugwa." Hapo mazungumzo yamewaka. Utasikia habari za mpira wa majani makavu ya migomba, maembe ya jirani, hadithi za Sungura wakati wa mbalamwezi, na yule mama wa nyumba ya tatu aliyeweza kukuchapa kisha akakupeleka kwa mama yako uchapwe tena. Vijana nao hawanyamazi. Watakwambia mlikuwa mnakufa kwa surua, mlichapwa mkatoka damu, na dada zenu waliozwa kabla hawajamaliza shule.

Nimeyasikiliza mabishano haya miaka mingi, na yananiuma kwa sababu pande zote mbili zinamkamata asiyekuwa mwizi. Wazee wanailaumu simu. Vijana wanailaumu kumbukumbu yetu, kwamba imepakwa asali. Kilichopotea ni kitu kingine, na kukitambua ndipo tujue kama kinastahili kutafutwa.

Mimi ni mtoto wa Walukuba, mtaa wa Jinja uliojengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi, enzi zile za ujenzi wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na kuvuta viwanda mjini. Nyumba zilikuwa ndogo, zimepangwa kwa safu, na kati ya safu na safu palikuwa na nyasi ambazo hazikuwa za mtu. Walikaa pale Wasoga, Waganda, Wajaluo, Waacholi, Walugbara, Wagisu na Wanubi. Mama zetu walisalimiana kwa taabu. Sisi tulihitaji lugha ya kugombania goli, na lugha hiyo ikawa Kiswahili. Sehemu kubwa ya Uganda wakati huo ilikiogopa Kiswahili, kwa sababu watu walikisikia kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani. Kwetu kilikuwa lugha ya mchezo. Shuleni aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, akae nacho mpaka amnase mwenzake. Saa kumi jioni kengele ikilia, kibao kinabaki darasani, nasi tunarudi kwenye nyasi zetu na Kiswahili chetu.

Tangu saa kumi ile mpaka magharibi zilikuwa saa tatu hivi, na hizo hazikuwa na mwenyewe. Mwalimu alikwisha maliza zake, baba hajarudi kutoka zamu, mama anamenya ndizi. Mtoto wa miaka mitano alicheza na wa miaka kumi na mitatu. Kwepena, kwa mfano, ni mchezo rahisi ukiutazama: wawili wanasimama, mmoja kila upande, na kurushiana mpira wa nguo kuukuu, walio katikati wanakwepa huku wakijaza mchanga kwenye chupa. Ugumu wake ni kwamba hakuna refa. Je, mpira umemgusa au umepita? Watu ishirini wana majibu mawili, na msipoelewana mchezo umekufa na jioni imeharibika. Kwa hiyo tulielewana. Mwenye mpira akinuna tulimbembeleza, mdogo asiyejua kukwepa tulimpa nafasi ya pili, na mkorofi tulimtenga siku mbili kisha tukamrudisha, maana bila yeye timu haijai. Sijui darasa lililonifunza kuishi na watu kuliko lile.

Hayo nilikuwa nikimsimulia dada yangu mkubwa, miaka michache iliyopita, nikamwuliza anakumbuka nini kuhusu kwepena. Alifikiri kidogo, akasema: "Mimi nilikuwa nakuangalia ukicheza. Nilikuwa na mtoto mgongoni."

Sikuwa nimewahi kuliona hilo. Katika kumbukumbu yangu yuko pale pale pembeni ya uwanja, na siku zote nilidhani anasubiri zamu. Hakuwa anasubiri zamu. Saa zangu zisizo na mwenyewe zilikuwa na mlipaji: yeye na jerikani lake, masufuria yake na mdogo wetu aliyemfunga kwa kanga. Wasichana walicheza, ndiyo, na kwepena hasa ulikuwa mchezo wao, lakini walicheza kwa vipande, kati ya kazi na kazi. Ndiyo maana nikisikia mwanaume wa umri wangu anasifu utoto wa zamani, siku hizi natamani kwanza nimsikie dada yake.

Na kuna ambao hatuwezi kuwasikia kabisa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 1988/89 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, karibu 180 hawakufika miaka mitano, na baadhi ya wilaya za kaskazini hazikuhesabiwa hata hivyo, kwa sababu ya vita. Utafiti kama huo wa 2022 ulikuta 52. Tulitoka mmoja kati ya watano au sita, tukafika takriban mmoja kati ya ishirini. Kila mtaa wa Walukuba ulikuwa na mama aliyekuwa akihesabu watoto wake kwa idadi mbili, waliozaliwa na waliobaki. Tulioga Ziwa Viktoria pale Masese tukirudi tukiwa tumefurahi, na wengi wetu tulirudi na kichocho cha matumbo. Tumbo la mwenzako likivimba mlimtania. Dawa ya kichocho ilianza kugawiwa mashuleni kwa mpango wa taifa mwaka 2003, wakati baadhi ya wale tuliowatania walikwisha zikwa.

Sijagusa vita bado. Uganda ndiyo iliyolipatia neno "kadogo" maana ya mtoto mwenye bunduki, katika vita vya msituni vya 1981 hadi 1986. Baadaye, sisi wa Jinja tukiwa tunaanza maisha ya watu wazima, watoto wa Gulu na Kitgum, kaskazini, walikuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala mjini kwenye varanda na viwanja vya hospitali, makumi ya maelfu yao, ili wasitekwe na waasi usiku. Oktoba 1996 walichukuliwa wasichana 139 kwa usiku mmoja kutoka shule ya sekondari ya Aboke. Mtu wa kaskazini akiulizwa kuhusu "utoto wa zamani" ana haki ya kuondoka mezani.

Basi vijana wana hoja nzito, na waliokuja baada yetu wameongezewa nyingine. Mwaka 1997 serikali ilipofuta karo ya shule za msingi, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 3.1 hadi milioni 5.3 ndani ya mwaka mmoja. Milioni mbili ya watoto walikuwa nje wakisubiri mlango ufunguliwe, wakiwemo watoto wa kike wengi. Mwaka 2016 sheria ya watoto ilifanyiwa marekebisho, viboko vikapigwa marufuku mashuleni. Nawasikia wenzangu wakisema fimbo ilitunyoosha. Mimi fimbo ilinifundisha kudanganya vizuri, na sitaki kuongeza neno juu ya hilo.

Lakini nikimtazama binti yangu wa miaka kumi, hapa Kireka, nje kidogo ya Kampala, tunakoishi sasa, naona kitu ambacho takwimu hizo njema hazikifuti. Anaamka saa kumi na moja kasoro robo. Gari la shule linapita saa kumi na moja na nusu, bado giza. Anarudi saa kumi na mbili jioni, anakula, anafanya kazi za nyumbani za masomo manne, analala. Jumamosi kuna masomo ya ziada. Yuko darasa la tano, na tayari kila kitu kinaelekezwa kwenye mtihani wa darasa la saba. Wenzake wengine wako bweni tangu wakiwa na miaka sita. Nimejaribu kutafuta katika juma lake saa isiyo na mwenyewe, na nimeipata moja, Jumapili baada ya ibada. Saa hiyo moja anaitumia kwenye simu ya mama yake.

Hapo ndipo nasema tumemkamata asiyekuwa mwizi. Simu ilimkuta mtoto ameshafungiwa ndani. Aliyechukua jioni ni shule tuliyoipigania wenyewe, na ushindani wa nafasi chache katika sekondari nzuri. Sisemi simu haina madhara. Kamari na watu wasiojulikana vimo humo, na mzazi asiyefuatilia atajuta. Ila watoto wengi wa vijijini hawana simu ya kuinamia, na bado ukiwauliza walimu wao watakwambia michezo imepungua.

Mwizi wa pili ni nafasi. Sensa ya 1969 ilihesabu watu milioni 9.5 Uganda. Ya 2024 imehesabu milioni 45.9, na karibu nusu yao ni watoto. Ardhi haikuongezeka. Nyasi za kati ya safu na safu, hata pale Walukuba, zimeota vibanda, gereji na kuta. Angalia senene, ambao zamani wakija Novemba ilikuwa sikukuu ya watoto: unakimbia chini ya taa za barabarani na kopo lako, unarudi na kitoweo. Leo wafanyabiashara wanasimamisha mabati na mapipa, wanawasha taa kali usiku kucha, na mtoto akisogea anafukuzwa. Simlaumu anayelisha familia kwa biashara hiyo. Nataja tu kwamba kilichokuwa cha watoto kilipata bei, na chenye bei hakiachwi mikononi mwa mtoto.

Mtu anaweza kusema: basi warudishiwe muda wao, mambo yatengemae. Tulishajaribu, bila kutaka. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, kipindi kirefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Watoto wa Uganda walipata muda mwingi kuliko tuliokuwa nao sisi. Wiki za kwanza niliona mtaani kwetu mambo niliyodhani yamekufa: tiara za karatasi, magari ya waya, hata kwepena. Nilifurahi kama mjinga. Kisha miezi ikapita. Kule Busoga wavulana waliingia kukata miwa mashambani kwa ujira wa siku. Wasichana wengi, nchi nzima, walipata mimba, na wengine hawakurudi darasani milango ilipofunguliwa. Muda ulirudi, lakini yule mama wa nyumba ya tatu hakuwepo. Alikuwa sokoni, au alikuwa jirani ambaye hatukujua hata jina lake.

Kwa hiyo kumbe saa zetu zisizo na mwenyewe zilikuwa na mlinzi asiyeonekana. Macho yalikuwapo madirishani, kina mama waliokuwa nyumbani wengi wao kwa kukosa ajira, na dada mwenye mtoto mgongoni pembeni ya uwanja. Tunataka watoto wapate uhuru ule, lakini hatuwezi tena, na hatupaswi, kuwadai kina mama na dada walipe bei ileile.

Kuna jambo moja la Kiswahili linalonikera hapa, naomba niliseme. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na likataka kifundishwe kwa lazima mashuleni. Nilishangilia. Binti yangu sasa anakariri ngeli ubaoni na anapata alama nzuri, lakini hajawahi kugombana na mtu kwa Kiswahili, wala kumbembeleza mtu, wala kucheka mpaka akaketi chini. Lugha tuliyoipata bure kwenye nyasi, yeye anapewa kwa vipindi vitatu vya dakika arobaini.

Muhula uliopita, kwenye mkutano wa wazazi, nilisimama nikapendekeza masomo ya Jumamosi yafutwe kwa madarasa ya chini. Nilizungumza vizuri, nadhani. Wachache walipiga makofi. Kisha akasimama mama mmoja anayeuza nguo sokoni. Alisema anaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anaishi muzigo, chumba kimoja cha kupanga, mlango wake umetazamana na baa, na ana binti wa miaka tisa. "Ndugu yangu," akaniambia kwa upole, "wewe Jumamosi unamtaka mtoto wako nje acheze. Mimi namtaka wangu mahali penye geti. Shule ndiyo ninayo." Pendekezo langu lilishindwa kwa kura nyingi, na nilikaa chini nikijua kwamba yule mama hakuwa amekosea.

Tangu siku hiyo nimebadilisha ombi. Siombi tena shule ifungwe Jumamosi. Naomba geti lifunguliwe watoto waingie, ubao ubaki bila chaki, madarasa yote yachanganywe uwanjani, na mtu mzima mmoja alipwe kukaa kivulini, mbali kiasi cha kutosikia nani kasema mpira umemgusa nani. Nimemwandikia mwalimu mkuu. Amejibu kwamba wazo hilo halina ubaya, na kwamba uwanja upo, ila nusu yake imeshapimwa kwa ajili ya bweni jipya.