Naiwasha, Halafu Naenda Kuoga

Nabonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta, halafu naenda kuoga. Sitanii. Naoga, najifuta, navaa shati, nafunga vifungo vyote hata kile cha shingoni ambacho huwa nakiacha, narudi sebuleni: kiduara bado kinazunguka. Kinazunguka weee, kama mbwa anayetafuta pa kulala. Na picha ya skrini ikishatokea usidhani imewaka. Hapo ndiyo kwanza inajiuliza iko wapi.

Mimi si mtu wa papara. Lakini juzi nilitaka kuandika barua ya aya mbili tu. Nikabofya mara mbili. Kimya. Nikabofya tena. Kimya. Nikasema labda haikunisikia, nikaibofya kwa hasira mara sita hivi. Dakika tatu baadaye zikafunguka kurasa tano kwa mpigo, zimelaliana kama ndugu wanaogombea mirathi, halafu zote zikaganda na kuandika juu kabisa: "Haijibu." Haijibu! Utadhani mimi ndiye niliyeikosea.

Dawa yangu ya miaka yote ilikuwa rifreshi. Unabofya kulia pale kwenye skrini tupu, rifreshi, rifreshi, rifreshi, mpaka roho itulie. Nilifundishwa na mwenzangu kazini, naye alifundishwa na mtu, na huyo mtu sijui alimkosea nani. Binti yangu ndiye aliyenivunja moyo, tena bila hata kuinua macho kwenye simu yake: "Baba, hiyo inachora upya ikoni tu. Haiongezi kasi." Yaani muda wote huo nilikuwa napangusa kioo cha gari nikidhani natia mafuta.

Kisha nikapata ile programu ya kusafisha. Ilijileta yenyewe pembeni ya skrini, nyekundu, imekasirika: kompyuta yako ina makosa 2,316! Moyo ukanilipuka. Nikaipakua mbio mbio. Kuhesabu makosa ilikuwa bure, kuyaondoa ni kulipia. Sikulipa, nashukuru, ila si kwa akili, ni kwa ubahili. Ikabaki humo humo ndani ikinikumbusha kila asubuhi, na idadi ya makosa ikipanda. Kikulacho ki nguoni mwako.

Siku ile ya barua, binti akanihurumia. Akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Likafunguka dirisha limejaa tarakimu, nikajua tayari ameiharibu. Kumbe ndiko siri zote zilikokuwa. Kuna orodha humo ya programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta ikiwaka, bila kubisha hodi. Tukahesabu 17. Kuna ya printa niliyoigawa. Kuna ya simu iliyoangukia kwenye ndoo, Mungu aipumzishe. Yule msafishaji wa makosa 2,316 naye yumo, ameketi mstari wa mbele. Na programu mbili za kuua virusi, kila moja ikikagua anachofanya mwenzake, kama walinzi wawili wa lango moja wanaotuhumiana wizi. Tukazima karibu zote, tukabakiza moja ya virusi. Msafishaji tulipomfuta kabisa, akauliza: una uhakika unataka kuniondoa? Sijawahi kuwa na uhakika hivyo maishani.

"Baba, huwa unaizima?"

"Kila usiku, mwanangu. Kama taa."

Akanigeuzia skrini. Imewaka siku 41. Nikaapa kwa kila ninachokiheshimu kwamba jana tu niliizima. Akasema sijakosea, ila kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 kuna mbinu ya kuifanya iwake haraka: ukibonyeza zima, inakufungia programu zako, lakini mfumo wenyewe hauanzi upya, unajihifadhi kwenye diski na kesho unaendelea ulipoishia, pamoja na takataka zake. Kuanza upya kwa kweli ni kubonyeza "washa upya." Yaani kuzima siyo kuzima, na kuwasha upya ndiyo kuzima. Tena mbinu ya kuwaka haraka! Isingekuwapo, si ningeoga mara mbili?

Tukafungua na kasha lake, baada ya kuchomoa waya wa umeme. Feni ilikuwa imevaa blanketi. Vumbi likijaa, joto halitoki, na mashine ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Nikapiga brashi taratibu. Chini ya feni nikamkuta mende amekauka, miguu juu. Maskini, nadhani naye alikuwa anasubiri iwake.

Ikapata nafuu. Nafuu tu, si kupona. Kwenye lile dirisha la tarakimu, mstari wa diski ulikuwa umeganda kwenye asilimia 100 hata wakati sifanyi chochote. Hapo ndipo nilipomwelewa mgonjwa wangu. Diski yake ni ile ya zamani, sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kimkono kinachopita juu yake kama kile cha santuri. Kimkono ni kimoja. Kinaitwa huku, hakijafika kinaitwa kule. Na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi za papo hapo, ni gigabaiti 4, sawa na meza ndogo: ukifungua kurasa nyingi za intaneti, karatasi zinakosa nafasi mezani, zinapelekwa stoo. Stoo yenyewe ndiyo hiyo hiyo diski ya kimkono kimoja! Mimi nafungua kurasa 30, kisha nalalamika.

Tukaitoa, tukaweka SSD, diski ya kisasa ambayo haina sahani wala kimkono, hakuna kinachozunguka humo. Fundi akahamishia vitu vyangu vyote, hadi zile picha za kidole changu nilizopiga kwa bahati mbaya. RAM ikaongezwa ikawa 8.

Asubuhi nikabonyeza kitufe, nikachukua taulo. Sijafika mlangoni, nyuma yangu ikalia. Imewaka. Iko tayari, inanitazama. Nikarudi na taulo langu begani, nikakaa. Nikabofya barua mara moja... pale pale! Nikatazama huku na huku, hakuna mtu. Nikabofya kulia. Rifreshi. Rifreshi. Rifreshi.

"Baba, sasa hapo unafanya nini?"

"Naisalimia."