M.E.R. wa Swellendam, mama wa Kiafrikaans tusiyemjua huku

Ukitaja Kiafrikaans, ile lugha ya Afrika Kusini iliyotokana na Kiholanzi, huku kwetu mtu anakumbuka kitu kimoja tu, Soweto, 16 Juni 1976, wanafunzi wanapigwa risasi kwa kukataa kusomeshwa kwa lugha hiyo, na siwalaumu. Ila kabla haijawa fimbo ya serikali kuna kina mama waliihangaikia sana kwenye magazeti, na anayenivutia mimi ni Maria Elizabeth Rothmann, mwenyewe alikuwa anasaini M.E.R. tu.

Kazaliwa Swellendam, mji mdogo upande wa Cape, 1875, akafundisha shule, halafu 1922, yaani keshakuwa mtu mzima kabisa, gazeti la Die Burger la Cape Town likampa ukurasa wa wanawake aushike. Usiuone mdogo huo ukurasa bana. Wakati huo lugha rasmi ni Kiingereza na Kiholanzi, Kiafrikaans kimetambuliwa 1925, wasomi wengi walikuwa wanakiona cha jikoni tu, na yeye akawa anakitumia kuzungumza na kina mama mambo yao ya kila siku, mke wa mkulima huko bara anasoma gazeti kwa maneno yaleyale anayomkaripia nayo mwanae. Mi naamini lugha inasimama hapo, sheria inakuja baadaye kupiga muhuri tu.

Na hakukaa ofisini. Tume ya Carnegie, iliyolipiwa na shirika la Kimarekani la jina hilo, ilipochunguza umaskini wa Wazungu wa Afrika Kusini alizunguka kuongea na kina mama majumbani kwao, ripoti ikatoka 1932, sehemu ya mama na binti wa familia maskini kaiandika yeye.

Sasa hapo ndo ananikwaza. Umaskini wa Wazungu, basi. Wale wanaoitwa Coloured, yaani watu wa asili mchanganyiko, ambao Kiafrikaans ni lugha yao ya nyumbani vilevile, hawamo. Tena Waislamu wa Cape walishakiandika kwa herufi za Kiarabu karne ya 19, kitabu cha dini cha Abu Bakr Effendi, shehe aliyetumwa Cape kutoka dola ya Uthmaniya, kikachapwa Istanbul 1877 (wazee wa Lamu na tenzi zao wangekisoma herufi zote bila kuelewa neno!), lakini sifa za uanzilishi zikaishia kwa Wazungu.

Mwaka 1953 akapewa tuzo ya Hertzog, tuzo kubwa ya fasihi ya Kiafrikaans, alistahili kwa kweli, na mwaka huohuo serikali ikapitisha ile sheria ya elimu ya Wabantu, ya kuwatenga watoto Weusi kwenye elimu duni. Kafariki 1975, na miaka yake 100. Mi ningepewa kuandika kitabu cha shule cha historia ya Kiafrikaans ningemweka yeye na Effendi sura moja, wanafunzi wabishane wenyewe nani kaanza.